Uliza Mama Daktari: Nimekutwa na homa ya ini, mke wangu ni mjamzito

Shikamoo Mama Daktari. Nilichangia damu, baadaye nikaitwa na kuambiwa haitatumika kwa sababu nina homa ya ini aina B. Nina miaka 31, sinywi pombe, siumwi popote. Mke wangu ana mimba ya miezi sita. Nimetenga sahani na kikombe changu, nalala sebuleni, na sijamwambia sababu. Kaka yangu ameniletea dawa ya mizizi, anasema inasafisha ini. Je, nitakufa? Na mtoto je?
Baba Mtarajiwa

Marahaba mwanangu. Nianze na mtoto, maana wewe unaweza kusubiri vipimo, yeye hawezi.

Mwambie mkeo leo hii, kisha aende akapimwe. Akikutwa hana virusi wala kinga, achanjwe. Chanjo ya aina B haina virusi hai, mjamzito huchomwa bila wasiwasi. Hadi amalize dozi, tumieni kondomu. Akikutwa navyo, apimwe wingi wa virusi. Vikiwa vingi, huanzishiwa vidonge vya tenofovir kuanzia mwezi wa saba wa mimba ili virusi vishuke kabla ya uchungu. Kwa hiyo mmewahi, ila msizubae.

Mtoto naye achomwe chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 tangu azaliwe, kisha amalizie dozi nyingine kliniki. Nasisitiza saa hizo kwa sababu moja: mtoto mchanga akiambukizwa, mara tisa kati ya kumi virusi hubaki naye maisha yote. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hujisafisha wenyewe. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na najua sindano hii inavyosahaulika: wodi imejaa, zamu inabadilishwa, mtu anasema "atachanjwa akija kliniki". Msikubali. Iandikwe kwenye kadi ya mkeo, mkunga aambiwe mkifika tu, na baada ya mtoto kulia uliza: "Keshachomwa ya homa ya ini?" Kama mama ana virusi na hospitali ina sindano ya kingamwili za tayari (askari wa mwili wa kupambana na kirusi), mtoto apewe zote mbili, kila moja paja lake. Kunyonyesha anyonyeshe tu.

Sasa wewe. Karatasi yako bila shaka imeandikwa HBsAg, mbele yake chanya. Maana yake ni kwamba ganda la kirusi limeonekana kwenye damu. Haisemi umeambukizwa lini, wala ini lako lina hali gani. Kipimo hicho hurudiwa baada ya miezi 6. Kikiwa bado chanya, ndipo tunasema ugonjwa ni sugu. Huna haja ya kungoja mpaka wakati huo ili kumwona daktari. Aangalie vimeng'enya vya ini (hupanda kwenye damu ini likiumia), wingi wa virusi, na kama kuna makovu. Upimwe na VVU pia, maana tenofovir hutibu vyote viwili na dozi hupangwa kwa kujua yote. Si kila mtu huanzishiwa dawa. Anayeanzishiwa huwa anaimeza miaka mingi: inavituliza virusi, haiving'oi. Ukiiacha kienyeji, vinaweza kuamka kwa kishindo.

Kufa? Wengi wanaofuatiliwa huishi maisha marefu. Wanaonisikitisha ni wale wanaopotea kwa sababu hawaumwi, wanarudi tumbo limejaa maji na macho ya manjano.

Rudisha sahani jikoni, rudi chumbani kwako. Aina B haiambukizwi kwa chakula, kikombe wala kukumbatiana. Vya kutenga ni wembe, mswaki na kikata kucha, kwa sababu kirusi hiki hukaa hai kwenye damu iliyokauka hata siku 7.

Mizizi usiinywe. Kaka yako anakupenda, sina shaka, lakini kila unachomeza kinapita kwenye ini, na nimepokea wagonjwa ambao virusi vilikuwa vimetulia, dawa ya kuchemsha ndiyo iliyowalaza. Kuna jambo lingine kubwa zaidi la kumwambia: naye akapime. Wengi wenye aina B sugu waliipata wakizaliwa au wakiwa wadogo, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wote wapimwe. Na kwa sababu hiyohiyo, msianze kutafuta mchawi ndani ya ndoa yenu.

Mama Daktari, nilitibiwa aina C, nikaambiwa nimepona. Juzi nimepima kwa kipimo cha haraka, kimesema chanya. Nilidanganywa?
Msomaji

Hapana. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, nazo hubaki mwilini hata baada ya kupona. Omba kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Kama hakikuonekana wiki 12 baada ya kumaliza vidonge, ulipona kweli. Dawa za sasa huwaponya zaidi ya 95 katika kila 100. Ila aina C haina chanjo, na aliyepona anaweza kuambukizwa upya. Ikiwa tangu utibiwe umechangia sindano na mtu au umechanjwa chale kwa kifaa kilichotumika, kaseme hivyo maabara, hakuna wa kukulaumu.