Wini ni mbaya, ama ni maisha?

SWALI: Habari mwalimu, darasani tunasoma Going Down River Road ya Meja Mwangi na tumebishana wiki nzima. Wavulana wanasema Wini ni mwanamke mbaya manake alimwacha Ben akaenda na bosi wake, na mtoto pia akamwacha. Mimi nilimchukia kabisa. Sasa hii ni riwaya ya mapenzi ama ya umaskini, niandike nini kwa insha?
Mwanafunzi wa chuo, Nakuru

JIBU: Dadangu, hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilimchukia Wini, na ilinichukua miaka kumwona vizuri. Kitabu kilitoka 1976, Nairobi ya vibarua, chang'aa na kodi ya nyumba isiyongoja mtu. Sasa angalia, Wini ni sekretari, analea mtoto peke yake, na mwanaume aliye naye ni Ben aliyefukuzwa jeshini na sasa anabeba zege kwa mjengo, siku ikiisha pesa yote inaishia kwa pombe na Ocholla rafiki yake. Angemngoja afanye nini? Sisemi kumwacha mtoto ni sawa, hapana, hiyo iliniuma na bado inaniuma. Lakini mwandishi hajamweka hapo tumpige mawe.

Kwa insha nakushauri uache kidogo Ben na Wini, umwangalie Ben na yule mtoto. Mwanzoni hamtaki, ni mtoto wa wenyewe, anakojoa kitandani, na kitanda chenyewe ndio hicho kimoja, Ben analala kwenye unyevu huo huo. Halafu mama anaenda, na huyu mlevi anabaki naye, wanapoteza nyumba, wanahamia kibanda cha Ocholla karibu na mto, mahali askari wa kaunsili wanakuja kuchoma vibanda na watu wanajenga tena. Ben hamtupi. Anamfokea, anamlisha, anahangaika aende shule.

Kwa hivyo mimi nasema ni ya mapenzi, ila si yale mliyokuwa mnabishania. Na ile jengo, Development House, ghorofa 24, wanaijenga wenyewe kwa mikono yao na ikiisha kazi inaisha, wanarudi chini kulekule mtoni. Iweke hiyo pia. Na mtoto usimpe jina lingine, kitabu kizima anaitwa Baby tu.