Kiwanja cha pwani: Kigamboni au Bagamoyo?

Ndugu yangu, kama kazi yako iko Posta, katikati ya Dar es Salaam, chukua Kigamboni: kuna pantoni, na daraja tangu 2016. Bagamoyo pazuri, ila kwenda na kurudi kila siku utachoka.

Kiwanja ambacho dalali anakisifia kuwa kiko "mita ishirini kutoka majini" achana nacho. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Dalali hakwambii hilo, anakuonyesha minazi tu.

Nenda kiwanjani siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, uone maji yanafika wapi. Omba jirani maji ya kisima uonje. Yakiwa ya chumvi, hayafai hata kuchanganyia zege, nondo zitaliwa na kutu. Na upekuzi ardhi, yaani kuhakiki ofisi ya ardhi kiwanja ni cha nani, ufanye kabla hujatoa hata shilingi.