Namba ya gari inageuka mstatili mweupe usiku: usikimbilie kununua kamera

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nakaa Kinyerezi, mtaa wetu hauna taa za barabarani. Wiki iliyopita saa nane usiku gari dogo lilisimama karibu na geti langu, watu wawili wakashuka, wakang'oa saiti mira zote mbili za gari la mpangaji wangu lililolala nje, wakaondoka. Kamera imerekodi kila kitu, hadi kofia ya mmoja wao. Ila pale kwenye namba pana mstatili mweupe unawaka kama tubulaiti. Aliyenifungia anasema ninunue ya megapikseli 8. Niliyonayo ni ya 2, lenzi milimita 2.8, iko juu ya ukuta. Ninunue?

JIBU: Pole sana dada, na mpe pole mpangaji. Usinunue kwanza. Hiyo megapikseli 8 ukiifunga palepale na mipangilio ileile, utapata mstatili uleule mweupe, ila mkubwa zaidi.

Pleti zetu, ya njano ya gari binafsi na ile nyeupe ya biashara, zinarudisha mwanga kulekule ulikotoka, ili dereva wa nyuma aisome kwa taa zake. Sasa kamera yako ina taa za infraredi, zile nukta nyekundu hafifu unazoziona gizani, na zimepangwa kuzunguka lenzi yenyewe. Mwanga unatoka, unagonga pleti, unarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Na kwa sababu mtaa wenu ni giza, kamera ikiwa kwenye otomatiki inaacha jicho wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga. Ukuta na watu wanaonekana vizuri, pleti inaungua. Kwa hiyo namba yako haikufichwa na giza, ilifichwa na mwanga kuzidi.

Gari likiwa kwenye mwendo kuna balaa la pili. Usiku kamera nyingi hushusha shata, yaani muda ambao jicho linakaa wazi, hadi 1/25 ya sekunde. Gari la kilomita 30 kwa saa, ndani ya muda huo, linasogea sentimita 33, na pleti ndefu ina upana wa kama nusu mita tu. Hapo utasoma nini? Ukiweka 1/1000, linasogea milimita 8.

Basi ingia kwenye mipangilio ya kamera kwa kompyuta, maana programu nyingi za simu hazikufikishi huko. Tafuta sehemu ya eksposha (inayoamua mwanga kiasi gani unaingia), toa otomatiki, weka shata 1/500. Pleti ikiendelea kuungua au kuvuta mkia, panda hadi 1/1000. Geini, ile inayokuza mwangaza wa picha kwa umeme, ibane, isipande inavyotaka. Kwenye kipimo cha 0 hadi 100 mimi huanzia 40. WDR (ya kusawazisha sehemu za mwanga mkali na za giza) izime, kwa sababu inaunganisha picha zaidi ya moja na kitu kinachotembea kinaacha kivuli. HLC iwashe, ndiyo inayozima makali ya taa za gari. Kile cha kupunguza chenga kishushe, kikizidi kinasugua na herufi pamoja na chenga. Nguvu ya infraredi, kama kamera yako inaruhusu, nayo ipunguze kidogo kidogo huku unaangalia.

Ukimaliza, picha itakuwa giza totoro. Utaona taa za gari na pleti inaelea peke yake, basi. Mteja wangu mmoja wa Mbezi Beach alinipigia saa tano usiku akidhani nimemuulia kamera. Hiyo ndiyo picha sahihi ya kusoma namba, na ndiyo sababu kamera moja haiwezi kukupa sura ya mwizi na namba ya gari kwa pamoja kwenye mtaa usio na taa. Mpango wangu kwako ni huu: hiyo ya 2.8 irudishe kama ilivyokuwa, iendelee kuangalia geti na watu. Hela ya megapikseli 8 nunulia ya pili, ndiyo uiweke mipangilio hiyo ya kusoma namba, hata ya megapikseli 2, mradi iwe na lenzi ya kuvuta, ya 2.8 hadi 12, na shata ya kuweka kwa mkono. Muulize muuza duka hilo la shata kabla hujatoa hela, kamera nyingi za bei ya chini hazina.

Lenzi ndiyo yenye neno hapa. Ya 2.8, kwa umbali wa mita 10, inameza upana wa karibu mita 20. Gawanya pikseli 1920 kwa mita 20, pleti ya nusu mita inaambulia pikseli 48. Hazitoshi, mimi sitaki chini ya 100. Ukivuta hadi 12, kwa umbali uleule unaona mita 4 na nusu tu, na pleti inapata zaidi ya 200.

Usiifunge kando ikatazama gari ubavuni. Iangalie kufuata barabara, na pembe isizidi digrii 30, si kwa pembeni wala kwa kushuka. Ikiwa juu mita 3, gari lililo mita 4 na nusu mbele tayari limegusa mpaka huo, kwa hiyo lenga mbele zaidi, kama mita 10. Na ukiweza, ilenge upande ambao magari yanaondokea. Unakwepa taa kali za mbele, tena bodaboda namba yake iko nyuma. (Ile iliyokunjwa au kupakwa tope, hakuna kamera itakayoisoma.)

Fokasi iweke usiku. Ukiiweka mchana, infraredi ikiwaka inahama kidogo na herufi zinalainika. Halafu mwombe shemeji au yeyote mwenye gari apite mara tatu nne, taa zikiwa full, kwa mwendo wa kawaida wa mtaani. Usihukumu kwa picha ya moja kwa moja kwenye simu, ile mara nyingi imepunguzwa ubora ili isile bando. Fungua rekodi yenyewe, isimamishe, soma. Ukichanganya 8 na B, kumbuka mpangilio wetu wa magari ya kawaida: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Nafasi ndiyo itakayokuambia ni ipi.

Buibui wanapenda sana hizo taa, wadudu wanajileta wenyewe, kwa hiyo pitisha ufagio kila baada ya wiki mbili. Umeme ukikatika na kurudi, angalia saa ya DVR, ile mashine ya kurekodi. Na namba utakazokusanya usizimwage kwenye grupu la mtaa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zipeleke polisi.

Kuhusu rekodi uliyonayo: pale palipoungua hakuna programu itakayorudisha herufi, kwa sababu hazikurekodiwa. Lakini ipitie fremu moja moja wakati gari linaanza kuondoka na kukata kona. Pleti ikikaa mshazari au ikifika mbali na infraredi, wakati mwingine fremu mbili tatu zinasomeka. Ihamishie kwenye flashi leo hii, maana DVR ikijaa inaanza kufuta za zamani.