Unataka Kuwa Mpasuaji wa Saratani ya Matiti? Anza na Sindano

Intani mmoja, daktari mpya aliye mafunzoni katika hospitali ya kaunti, ameniandikia wiki hii: "Habari daktari. Nimeshaamua, ni matiti. Ni lazima nisomee ng'ambo ndiyo nitambulike? Na nianze kujifunza upasuaji upi?" Namjibu hapa kwa kuwa wanaouliza hivyo ni wengi, na karibu wote akili yao iko kwenye kisu. Kwenye kazi hii kisu huja mwisho.

Njia ya masomo haina siri. Ukimaliza shahada ya udaktari na mwaka 1 wa intani, na KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, ikikusajili, unaingia upasuaji wa jumla. Kuna MMed, shahada ya uzamili ya udaktari, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka 5. Au kuna COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini: miaka 2 ya kwanza unaelekea mtihani wa uanachama, MCS, ukitimiza 5 unafanya wa ubingwa, FCS, na muda wote uko kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Baada ya hapo ndipo mwaka 1 au 2 wa kujikita kwenye matiti. Dkt. Miriam Mutebi, mpasuaji wa matiti wa hospitali ya Aga Khan hapa Nairobi, ambaye amewahi kuwa rais wa AORTIC, shirika la Afrika la utafiti na mafunzo ya saratani, alinolewa Memorial Sloan Kettering, hospitali ya saratani kule New York. Ukipata nafasi ya namna hiyo, usiiache. Lakini mama anayefika kliniki yako hafi kwa sababu daktari wake hakusomea New York. Anakufa kwa sababu uvimbe alioushika mwezi wa pili ulipata jibu la maabara mwezi wa saba.

Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu. Zaidi ya asilimia 60 ya saratani za matiti zigunduliwe zikiwa hatua ya 1 au ya 2. Uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Zaidi ya asilimia 80 wamalize matibabu. Hilo la siku 60 unaweza kulifanyia kazi leo, ukiwa intani, bila kibali cha mtu yeyote.

Kila uvimbe unahitaji vitu vitatu: mkono, picha na sindano. Mkono unajua. Picha, kwa aliye chini ya miaka 40, anza na altrasaundi kwa sababu titi changa ni zito na mamogramu, yaani eksirei ya titi, haioni vizuri ndani yake. Aliyefika 40 apate mamogramu, na altrasaundi juu yake ikiwa kuna uvimbe. Usimrudishe nyumbani msichana wa miaka 28 kwa kumwambia ni homoni kabla hujampima. Wagonjwa wetu wengi wana umri mdogo kuliko wale wa vitabu vya Ulaya.

Sasa sindano, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo mambo huharibikia. Kinachotakiwa ni bayopsi, yaani kutoa vipande vya nyama vya kupima, kwa sindano nene, geji 14. Sindano nyembamba ya kunyonya seli inaweza kukuambia kuna saratani, lakini haitakuambia kama imevamia, na mara nyingi haitoshi kupimia vipokezi, zile alama za uvimbe zinazoonyesha dawa ipi itafaa. Kupasua na kutoa uvimbe wote "ili tujue ni nini" ni kosa ambalo bado linafanywa kila siku, na linaniuma. Mgonjwa anafika Hospitali ya Kenyatta na kovu la kukingama lililokaa vibaya, mipaka ya uvimbe haijulikani, jibu la maabara halipo, na sasa lazima apasuliwe tena.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Safisha, choma lidokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1, mililita 5 hadi 10, kwenye ngozi na njia ya sindano. Toboa ngozi milimita 2 au 3 kwa wembe namba 11. Ingiza sindano ikilala sambamba na ukuta wa kifua. Ukiielekeza chini unaweza kutoboa pafu. Toa vipande 4 hadi 6. Viangalie ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama: vinavyozama mara nyingi ni nyama ya uvimbe, vinavyoelea ni mafuta, na vyote vikielea rudia papo hapo kabla mgonjwa hajavaa. Kisha bana kwa mkono dakika 10 kamili.

Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, na ujazo wake uwe angalau mara 10 ya nyama. Si maji ya chumvi, si spiriti, wala si fomalini kali ambayo mtu amesahau kuichanganya. Nyama iingie humo mara moja, isizidi saa 1 kwa hali yoyote, na ikae kati ya saa 6 na 72. Ndiyo maana bayopsi ya Ijumaa jioni ni wazo baya kama maabara yako haipokei kitu hadi Jumatatu, na inakuwa mbaya zaidi chupa ikisafirishwa kwa matatu hadi maabara ya mji mwingine. Nyama ikikaa vibaya, kipimo cha kipokezi cha estrojeni kinaweza kusoma hasi ilhali ni chanya. Mwanamke huyo atanyimwa tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kwa siku, cha bei nafuu, ambacho angekimeza miaka 5 hadi 10 akaishi. Hakuna atakayejua kosa lilikuwa chupa.

Kwenye fomu andika umri, kama hedhi imekoma, titi la upande gani, uvimbe uko mahali gani ukilichukulia titi kama uso wa saa na ni sentimita ngapi kutoka kwenye chuchu, na saa nyama ilipoingia fomalini. Omba vipimo vya ER (kipokezi cha estrojeni), PR (cha projesteroni) na HER2 siku hiyohiyo. Usingoje jibu la kwanza ndipo uombe la pili.

Jibu likija ni saratani, tulia. Uvimbe mkubwa au tezi za kwapa zilizoshikana mara nyingi huanza na kemo, yaani dawa za kuua saratani, si thieta (chumba cha upasuaji). Lakini kabla kemo haijaanza weka alama ya chuma ndani ya uvimbe, na kama huna, chora tatuu ya wino kwenye ngozi iliyo juu yake. Dawa ikifanya kazi vizuri uvimbe hupotea kabisa, nawe unabaki thieta ukiutafuta.

Kuhusu kuondoa titi lote au sehemu: kwa miongo mingi wapasuaji walimfuata Halsted, mpasuaji wa Marekani, wakaondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote. Majaribio ya wapasuaji Bernard Fisher huko Marekani na ya Umberto Veronesi kule Milan, ambayo matokeo yake ya miaka 20 yalichapishwa 2002, yalionyesha kwamba wanaotolewa uvimbe tu kisha wakapata mionzi huishi sawa na wanaoondolewa titi. Neno ni mionzi. Kabla hujamwahidi mama kubakiza titi lake, muulize maswali ambayo hayapo kwenye kitabu: mashine ya mionzi ina foleni ya muda gani, idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali, imetoka, na vile vipindi 15 vya wiki 3 atakuwa analala kwa nani hapa Nairobi. Kama jibu ni kwamba atakuwa anatoka Kitui kila asubuhi, hiyo mionzi hataimaliza.

Atakwambia, "Daktari, wacha kwanza niongee na watu wa nyumbani." Usibishane. Mwambie, "Sawa mama, njoo nao Jumatano," uandike hiyo Jumatano kwenye kitabu chako. Wakija, watauliza kama kisu husambaza saratani. Waeleze kwamba waliowaona wakifa baada ya upasuaji wengi walipasuliwa ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Thieta nitaipita haraka, utafundishwa. Funga nyama uliyotoa kwa nyuzi, fupi upande wa juu na ndefu upande wa nje, la sivyo mwanapatholojia hajui ni ukingo upi una tatizo. Kwapani ilinde neva ndefu ya kifua na ile ya msuli wa mgongo. Ya kwanza ikikatika, mfupa wa bega unachomoza mgongoni maisha yote. Mpira wa kutoa maji utolewe yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku 2 mfululizo. Mazoezi ya vidole na kiwiko yaanze kesho yake, bila kuinua mkono juu ya bega kwa wiki ya kwanza.

Na uhamasishaji. Oktoba ikifika kila mtu anavaa utepe wa waridi, mahema yanasimamishwa, wanawake wanapimwa kwa mkono uwanjani, wanapigwa picha, halafu aliyepatikana na uvimbe anapewa karatasi ya rufaa na kuachwa. Ni heri usiitishe kambi kabisa. Kabla ya kuchapisha bango, zungumza na idara ya picha wakutengee nafasi za altrasaundi ndani ya wiki 2 zinazofuata, na uwe na sindano na chupa za fomalini tayari. Idadi ya nafasi hizo ndiyo ikuambie ualike wanawake wangapi. Wafundishe kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi, kwamba chuchu inayotoa damu au iliyoingia ndani ghafla si jambo la kungojea, na kwamba wanaume nao huugua, ingawa ni karibu 1 kati ya wagonjwa 100.

Kila mwenye uvimbe aache nambari mbili za simu, yake na ya mtu anayeishi naye, kwa sababu simu za watu wetu hupotea na laini hubadilishwa. Mteue mtu mmoja kwa jina, muuguzi ni bora kuliko daktari, awapigie siku ya 7 na ya 14. Malipo yake yaingie kwenye bajeti kabla ya fulana.