Galoni Ngapi Hufanya Tani Moja ya Meli?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia mjini Tanga. Darasani tulisoma habari za Mayflower, meli iliyowavusha wahamiaji wa Kiingereza hadi Amerika mwaka 1620, ambayo hutajwa kuwa ilikuwa ya tani 180. Kitabu chetu cha mazoezi kikauliza: meli ya zama hizo iliyojaa galoni 37,800 za mvinyo ilikuwa ya tani ngapi? Tulizidisha kila galoni kwa lita 4.546, tukahesabu lita moja kuwa kilo moja, tukapata takriban tani 172. Kitabu kinasema 150. Tumekosea wapi?

JIBU: Kuzidisha kwenu hakuna kasoro, Mwalimu, ila mlianza na galoni isiyo ya zama hizo na mkamaliza na tani isiyo ya zama hizo.

Tani ya meli ilianza kama hesabu ya mapipa. Kwa karne nyingi Waingereza walinunua mvinyo Bordeaux, na ukubwa wa meli ulitajwa kwa idadi ya mapipa makubwa, yaani tuni, ambayo ngama yake ingeweza kupokea. Kutokana na tuni hiyo ndipo lilipotoka neno ambalo sisi tumelipokea kama tani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1423 ilitaka tuni ya mvinyo iwe na galoni 252. Nusu yake, galoni 126, ilikuwa na jina la asili moja na neno letu pipa, tulilolipata kwa Wareno kama tulivyolipata neno mvinyo. Basi gawanyeni 37,800 kwa 252, nanyi mtapata 150 kamili.

Tatizo la pili ni galoni yenyewe. Galoni ya mvinyo, ambayo sheria ya wakati wa Malkia Anne, mwanzoni mwa karne ya 18, iliithibitisha kuwa inchi za ujazo 231, ni lita 3.785, na ndiyo ambayo Marekani inaitumia hadi leo. Lita 4.546 mlizotumia ni za galoni iliyowekwa na sheria ya mwaka 1824, ambayo msingi wake ulikuwa ujazo wa pauni 10 za maji, na ambayo isingeweza kujulikana na nahodha yeyote wa mwaka 1620. Tofauti hii si ndogo hata kidogo: tuni ileile yenye galoni 252 za zamani huchukua galoni mpya 210 tu, kwa hiyo galoni 37,800 zingekuwa mpya zingejaza tuni 180, na mngejikuta mmeipakia Mayflower nzima. Mayflower yenyewe, kabla ya safari ile, ilikuwa ikileta mvinyo kutoka Ufaransa, hivyo mfano wa kitabu chenu umechaguliwa vizuri.

Sasa tuje kwenye uzito. Tuni moja ni takriban lita 954, na ukijumlisha mbao za pipa, uzito wake unakaribia pauni 2,240, ambazo ndizo tani kubwa ya Kiingereza, sawa na frasila 64 kwa frasila ya Unguja ya pauni 35. Ukaribu huo ndio ulioruhusu neno moja litumike kwa uzito na kwa ujazo, na mpaka leo unawachanganya wanafunzi.

Tena pipa ni la duara, na mapipa yakipangwa ngamani huacha mianya. Wafaransa walilitambua hilo: amri yao ya bahari ya mwaka 1681 iliihesabia tani moja futi 42 za ujazo za Kifaransa, karibu mita za ujazo 1.44, ijapokuwa mvinyo wa tani hiyo ulikuwa wa lita 900 hivi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mwanafunzi anapopaswa kukawizwa, kwa sababu hapa ndipo kipimo cha kimiminika kinapogeuka kuwa kipimo cha nafasi.

Kuanzia hapo mambo yalizidi kuachana na mapipa. Kanuni ya Uingereza ya mwaka 1773 ilipima urefu na upana wa meli tu, ikadhania kina kuwa nusu ya upana. Waundaji, wakitaka kupunguza ushuru, wakajenga meli nyembamba zenye kina kirefu, ambazo nyingi hazikutulia vyema baharini. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1854 ilifuata njia ya George Moorsom, ya kupima nafasi ya ndani yote na kuihesabu kwa tani ya usajili ya futi za ujazo 100, yaani mita za ujazo 2.83. Tani hiyo ni karibu mara tatu ya mvinyo wa tuni moja. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, ulioanza kutumika mwaka 1982, uliondoa hata futi hizo, na namba ya ukubwa wa meli leo hutolewa kwa fomula bila kizio chochote.

Kwa hati ya kabla ya mwaka 1824, gawanyeni galoni za mvinyo kwa 252. Kwa galoni za baadaye, gawanyeni kwa 210. Mkikuta tani za usajili, msizigeuze kuwa galoni kabisa, kwa kuwa humo zimehesabiwa pia nafasi ambazo hazikuwahi kubeba pipa hata moja.