Kiwanda cha kuyeyusha betri karibu na nyumba: msitie sahihi kabla ya kuisoma ripoti

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama maandamano yatatosha kukizuia kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu na betri kuukuu wanachotaka kuwajengea nyuma ya nyumba zenu. Mimi ni wa Lamu, na nilikuwamo tulipopinga mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi. Andamaneni, ni haki yenu, lakini sisi tulichoshindia ni karatasi.

Kwetu mabaraza yalifanyika mapema, ripoti ya athari kwa mazingira haijaandikwa bado. Wazee walitia sahihi ya mahudhurio kwa adabu tu, maana mgeni hafukuzwi. Baadaye tukaambiwa wananchi wameshirikishwa. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa leseni 2016, tukakata rufaa. Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo, likasema mikutano ya utangulizi haihesabiki kuwa ushirikishwaji wa umma.

Kwa hiyo takeni ripoti yenyewe mkononi kabla ya baraza lolote. Tazameni wameandika nini kuhusu upepo: moshi wa wakati wa kusi utaelekea wapi, na wa kaskazi je? Kila nyumba iandike barua yake ya pingamizi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukitia sahihi barazani, andika kando: nimehudhuria, sijakubali. Leseni ikitoka mna siku 60 tu za kukata rufaa.

Na hizo betri msizichukulie kwa wepesi. Ndani yake mna risasi, yale madini yenye sumu, si ya bunduki. Vumbi lake hutua sakafuni, mtoto anatambaa, anatia vidole mdomoni. Huharibu ubongo, wala hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtaani Owino Uhuru, pale Mombasa, kiwanda cha namna hiyo kilianza 2007 kikafungwa 2014. Hukumu ya kuwafidia wakazi shilingi bilioni 1.3 ilitolewa 2020, ikatenguliwa 2023, ikarudishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Watoto waliokuwa wakitambaa siku zile wameshabaleghe.

Vijana wenu wataahidiwa kazi, na shida ya kazi ni ya kweli, msiwakemee. Waulizeni wenye kiwanda, mbele yao: ajira ngapi, za nani, na damu ya wafanyakazi itapimwa na nani? Mwekeni mbele mtu mwenye mkono mwepesi, aandike kila jibu na jina la aliyelitoa.