Ukuta unatoa joto usiku, tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi kaka, mi nakaa Tabata hapa Dar, chumba chetu cha kulala ukuta mmoja unaangalia magharibi, ni tofali za block inchi 6, jua linaupiga mpaka saa 12 jioni, sasa saa 4 usiku ukiweka mkono ukutani bado wa moto na mtoto anatoka vipele vya joto. Fundi anataka abandike kwa ndani ile sponji nyeupe ngumu kama ya kwenye boksi za tivii. Ni sawa? – Mama Junior

JIBU: Mama Junior poleni sana jamani. Sponji ndani ya chumba usikubali, ikishika moto inawaka haraka na moshi wake ni sumu, na nyie mmelala humo. Ingekaa nje ikapigwa wavu na plasta juu sawa, ila gharama. Block inanyonya joto mchana kutwa, linapenya taratibu, linatokea ndani usiku, kwa hiyo zuieni jua lisifike ukutani. Pakeni nje rangi nyeupe, hata chokaa, halafu wekeni kivuli, mfano pasheni itambae kwenye waya, muache kama futi moja hewa ipite. Na juu je? Kama ni bati tupu bila silingibodi, anzeni huko kabla ya ukuta, maana joto jingi linashukia hapo. Usiku fungueni madirisha yanayotazamana, nyavu zibaki. Vipele vikianza usaha mpeleke mtoto zahanati.